Kisapicha cha Mhalifu

Kuyaita majarida ya crime comics ya Marekani ya miaka ya 1940 "vichekesho vya uhalifu" ni kulitafsiri jina na kuiacha maana mlangoni. Michoro ya mwanzo katika magazeti ya huko ilikuwa ya mzaha, jina la comics likadumu hata mzaha ulipokwisha. Kiswahili hakikuwa na deni la kuurithi. Katika Crime Does Not Pay, lililoanza mwaka 1942 chini ya wahariri Charles Biro na Bob Wood, jambazi hufuatwa hatua kwa hatua mpaka risasi ya polisi au kiti cha umeme. Hapo pa kucheka ni wapi? Istilahi inayostahili ni kisapicha cha mhalifu.

Kisa ni neno la Kiarabu, na kitenzi kilichokizaa humaanisha kusimulia na pia kufuata nyayo. Kiswahili kikaongeza maana ya sababu: anayeuliza "kisa nini?" haombi hadithi, anataka chanzo. Kufuata nyayo na kutafuta chanzo ndiyo kazi ya majarida haya, yaliyodai kusimulia mikasa ya kweli. Sarufi yetu nayo ikaipokea ki- kama kiambishi, ndiyo maana tunasema visa, kama kitabu na vitabu; visapicha hufuata njia hiyo hiyo. Katuni, kipenzi cha wanakamati wa istilahi, asili yake ni neno la Kiitaliano la karatasi nene. Sioni karatasi inatueleza nini.

Wanakamati hao wanashikilia pia "uhalifu", ati ndiyo tafsiri sahihi. Wanalisoma jalada tu, ambako neno Crime liliandikwa kubwa kuliko mengine yote. Ndani ni maisha ya mtu, na msimulizi wake ni Mr. Crime, mzuka mwenye kofia ndefu. Kanuni za wachapishaji za Oktoba 1954, zilizofuata vikao vya kamati ndogo ya Seneti, zilikataza neno Crime kuyazidi mengine kwa ukubwa, na zikakataza uhalifu kuonyeshwa kwa namna ya kumfanya msomaji amwonee huruma mhalifu. Huruma haielekezwi kwa dhana. Huelekezwa kwa mtu.

Wapo wanaohofia kwamba "picha" itachanganya michoro na picha za kamera, kama zile za shujaa Lance Spearman katika jarida la African Film, lililosomwa sana Afrika Mashariki. Lakini Mswahili huchora picha na hupiga picha, na kitenzi humtosha kutofautisha.