Jua Machoni: Historia Fupi ya Picha Zetu za Ugogo

Ndugu zangu tuliosoma pamoja, mhariri aliponitaka niandike juu ya upigaji picha hapa kwetu Dodoma nilikubali kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba nilikuwa katibu wa chama cha picha cha shule. Ya pili nitaieleza baadaye, kwani ndiyo hasa iliyonishikisha kalamu.

Kila aliyepitia chama chetu anaikumbuka amri ya kwanza: jua liwe mgongoni mwa mpiga picha. Mwalimu wetu hakuitunga yeye. Ilikuwamo katika maelezo yaliyouzwa pamoja na kamera za sanduku za Kodak, na ilikuwa na sababu. Kamera ya sanduku ilikuwa na kasi moja tu ya kufyatua. Tena kila uso wa kioo cha lenzi hurudisha nyuma kiasi cha asilimia 4 ya mwanga unaoupiga. Ukilielekea jua, mwanga huo hurukaruka ndani ya kamera na kuacha ukungu mweupe juu ya filamu. Mwaka 1935 Alexander Smakula wa kampuni ya Zeiss alipata njia ya kupaka lenzi utando mwembamba wa kupunguza tatizo hilo. Kamera yetu haikuwa na anasa hiyo.

Historia ya kamera katika njia yetu ya kati ilianza kwa kushindwa. Mwaka 1860 James Augustus Grant alifuatana na John Hanning Speke kutoka Zanzibar kwenda bara. Alikuwa na kamera, akapiga picha Zanzibar. Safari ilipoanza, kazi ya kutayarisha na kuosha sahani za picha ndani ya hema dogo, katika joto kali, ilionekana itamuua. Akaiacha, akashika penseli na rangi. Hivyo walipopita Ugogo mwishoni mwa mwaka ule, jua letu lilikuwa limekwisha kuishinda kamera kabla haijafika.

Kamera ziliongezeka wakati wa Wajerumani. Reli iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Dodoma mwaka 1910, na watu wenye kamera wakaja nayo. Mpiga picha Walther Dobbertin, aliyekuwa na studio Dar es Salaam, aliacha picha nyingi za enzi hizo, ambazo leo zimo katika hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani.

Sasa tuje kwenye jua lenyewe. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kiasi cha nyuzi 6 tu kusini mwa Ikweta. Kwa hiyo jua letu halitui kwa kuteleza kando kama la Ulaya. Hushuka karibu wima. Likigusa ukingo wa nchi upande wa Bahi, huzama lote kwa dakika 2 na kidogo. Mpiga picha anayesitasita hurudi nyumbani mikono mitupu. Lakini anayethubutu kuligeukia hupata kitu ambacho mwenye jua mgongoni hakipati kamwe, nacho ni vumbi. Jua likiwa nyuma yako, vumbi halionekani sana. Likiwa mbele yako, kila chembe huwaka. Ng'ombe wakirudi jioni mwezi wa Oktoba, mibuyu husimama myeusi katikati ya moshi wa dhahabu.

Vumbi hilo lina historia yake. Mwaka 1973, mwaka ule ule TANU ilipoamua makao makuu yahamie Dodoma, ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, tuliouita HADO, kupambana na mmomonyoko wa udongo. Hali ya Kondoa ilikuwa mbaya hata mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoharibika. Ukipiga picha jua likiwa mgongoni, utaonyesha korongo. Ukilielekea jua, utaonyesha udongo wenyewe ukiondoka hewani.

Naam, hayo nayajua leo. Oktoba 1976, wiki chache kabla ya mtihani wa kidato cha nne, nilijua kidogo tu. Tulipanda mwamba ulio karibu na shule, wenzangu watano na mimi. Filamu ilikuwa ya picha 8, nami nilibakiwa na moja. Niliwapanga kama nilivyofundishwa, wakakunja nyuso kwa ukali wa jua. Mmoja wao akasema, "Katibu, tugeuze, macho yanauma." Nikahamia upande wa pili, nikafyatua kuelekea jua.

Picha ile ilisifiwa sana. Tambarare, mibuyu, vumbi, na watu watano weusi ti. Ilibandikwa ukutani bwaloni, nami nilijiona bingwa.

Yule aliyeomba tugeuke alijiunga na jeshi, akaenda vita vya Kagera vya 1978 na 1979, hakurudi. Mama yake alinijia akiuliza kama nina picha yake. Nilimpelekea ile. Akaitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Ni yupi, mwanangu?" Nikamwonyesha wa pili kutoka kushoto. Akasema, "Huyu anaweza kuwa mtoto wa mtu yeyote," akanirudishia kwa mikono miwili.

Niliingia chumba cha giza usiku ule na siku nyingi baadaye. Nilijaribu karatasi za kila aina na muda wa kila namna. Haikufaa kitu, kwa sababu mahali pa uso wake negativu ni tupu. Pale ambapo mwanga haukuandika, hakuna dawa inayoweza kusoma. Laiti ningeshika shuka jeupe mbele yao kuwarudishia mwanga, au ningewaacha wakunje nyuso! Uso uliokunjwa ni uso.

Mama yule alifariki mwaka 2004. Dada wa marehemu bado ananiuliza. Mwamba upo, ila tambarare ile imejaa nyumba tangu serikali ilipohamia, na Dodoma ikawa jiji mwaka 2018. Picha yangu imekuwa ushahidi mzuri wa nchi ilivyokuwa, si wa mtu.

Ndiyo sababu yangu ya pili. Ndugu zangu wa kidato cha nne 1976, fungueni masanduku yenu. Kama mnayo picha yoyote ya siku ya michezo, ya shambani, ya gwaride, hata iliyofifia, iliyopigwa na mtu aliyetii amri ya mwalimu, njoni nayo kwenye mkutano wetu. Nitamtambua. Nami nitaipeleka kwa dada yake mwenyewe.