Mita janja na umeme wa dakika 15: mwenye nyumba anapata nini?

Tangu tarehe 1 Oktoba 2025, nchi nyingi za Ulaya zinauza umeme wa kesho katika soko la jumla kwa vipande vya dakika 15. Kabla ya hapo kipande kimoja kilikuwa saa nzima. Siku iliyokuwa na bei 24 sasa ina bei 96. Habari hii ilipita kwetu kimya kimya, na sioni ajabu, kwani stima ya Kenya hununuliwa kwa njia nyingine kabisa. Lakini wengi wetu tuna jamaa Ulaya wanaoishi na mabadiliko ya namna hii, na mita zinazoyawezesha zimeshaanza kufungwa hapa Kenya kwa wateja wakubwa. Afadhali tulijue jambo hili kabla halijabisha hodi mlangoni.

Wengine wanaziita mita erevu. Mimi nitatumia "mita janja", na msomaji wa pwani anajua kwamba mtu akiitwa mjanja hajasifiwa moja kwa moja.

Tuanze na umeme wenyewe. Mchele uliozidi utauweka ghalani uuze mwezi ujao. Umeme uliozidi hauna ghala, isipokuwa betri na mabwawa machache, navyo havitoshi. Kila sekunde kinachozalishwa lazima kilingane na kinachotumika. Ndiyo maana gharama ya uniti moja saa nane za usiku si gharama ya saa moja jioni, watu wanapowasha taa, televisheni na majiko kwa pamoja. Ulaya sasa ina mitambo mingi ya sola, na jua likizama yote hulala pamoja, ikabidi mingine iwashwe haraka, aghalabu ya gesi, ambayo ni ghali. Jua halingojei saa igonge. Ndani ya saa moja ya magharibi, robo ya kwanza inaweza kuwa rahisi na robo ya mwisho ghali, na bei moja ya saa nzima huficha tofauti hiyo.

Australia ilionyesha ubaya wa kuficha. Soko lao la mashariki lilikuwa likipanga mitambo kila dakika 5, lakini malipo yalihesabiwa kwa wastani wa dakika 30. Fanya hesabu: vipindi vitano vina bei ya dola 60, kimoja kinaruka hadi dola 6,000. Wastani ni dola 1,050, na kila aliyezalisha umeme ndani ya nusu saa hiyo analipwa wastani huo, hata kama wakati wa shida alikuwa amelala. Bei ikiruka mwanzoni mwa nusu saa, wenye mitambo walikimbilia kuzalisha dakika 25 zilizobaki, shida yenyewe imeshapita. Tangu 1 Oktoba 2021 Australia inalipa kwa dakika 5 zilezile. Anayewahi ndiye anayelipwa, na betri, ambazo huwaka mara moja, zikapata nafasi ya kushindana na mitambo ya gesi.

Yote hayo ni mambo ya wakubwa sokoni. Mwenye nyumba anaingia wapi?

Anaingia kupitia mita. Mita ya zamani hujumlisha tu. Inajua umetumia uniti 200 tangu msomaji wa mita alipopita mara ya mwisho, haijui ulizitumia usiku au mchana. Kampuni inayokuuzia hukadiria: nyumba ya kawaida hutumia kiasi hiki asubuhi, kiasi hiki jioni, basi nawe utahesabiwa hivyo. Ukijinyima jioni nzima, jirani anayewasha kila kitu saa hiyo anahesabiwa sawasawa na wewe. Mita janja huandika matumizi kwa kila kipindi na kuyatuma yenyewe kwa mtandao. Uingereza, ambako kipindi ni nusu saa, imeanza mwaka 2025 kuzihamisha nyumba zote kutoka hesabu ya makisio kwenda hesabu ya nusu saa halisi, kazi iliyopangwa kumalizika 2027.

Hapa ndipo watu huchanganya mambo mawili. Mita ni kipimo. Kinachoamua utalipa nini ni mkataba wako wa bei. Mtu anaweza kuwa na mita janja na akaendelea kulipa bei moja usiku na mchana kwa mwaka mzima, na Uingereza wengi wako hivyo. Soko likitikisika kila robo saa, kampuni ndiyo inayopigwa na mawimbi, nayo imeshaongeza kitu kidogo katika bei yako kwa ajili hiyo. Ukichagua mkataba unaofuata bei ya soko, unapata unafuu wa saa za rahisi na unapigwa na mawimbi mwenyewe.

Jamaa yangu aliyeko Leicester yuko katika mkataba wa namna hiyo. Kampuni ya Octopus Energy inao tangu 2018, unaitwa Agile. Kila alasiri simu yake humwonyesha bei za kesho, nusu saa kwa nusu saa. Kuanzia saa kumi hadi saa moja jioni bei hupanda sana. Usiku wenye upepo mwingi hushuka, na mara nyingine huenda chini ya sifuri, maana yake yeye ndiye analipwa ili atumie. Mkataba umeweka dari: uniti haipiti peni 100. Mkewe amechoka kuambiwa kuwa nguo zitafuliwa saa saba usiku, lakini hilo ni lao.

Anafaidika kwa sababu ana gari la umeme. Gari linaweza kumeza uniti 40 kwa usiku mmoja, na halijali limezimeza saa ngapi mradi asubuhi liwe tayari. Tuseme tofauti ya bei kati ya jioni na usiku ni shilingi 15 kwa uniti. Gari lingeokoa shilingi 600 kwa usiku huo. Mashine ya kufulia inayotumia uniti moja ingeokoa shilingi 15. Friji haiokoi kitu, inafanya kazi saa zote. Na feni usiku wa kaskazi huwezi kuiambia ingoje bei ishuke.

Hilo kwangu ndilo kubwa katika habari hii. Kipindi kifupi humfaidi mwenye kitu cha kuahirisha: gari, betri, tangi la maji ya moto. Aghalabu ni mwenye uwezo. Nyumba yenye taa nne, friji na mgonjwa anayehitaji mashine ya kupumulia haina cha kuahirisha. Ulaya imeliona hilo kwa kiasi: sheria yao ya 2019 inampa mteja mwenye mita janja haki ya kuomba mkataba unaofuata soko kutoka kwa kampuni yenye wateja zaidi ya 200,000, lakini ni haki ya kuomba, si lazima kuingia. Hispania ilikwenda mbali zaidi. Bei yao iliyopangwa na serikali ilifuata soko saa kwa saa, na Juni 2021 ilipogawanywa upya kwa saa za ghali na za rahisi, mitandao ilijaa mizaha ya watu wakipiga pasi usiku wa manane. Kufikia 2024 serikali ilibadilisha hesabu ikachanganya na bei zilizofungwa mapema, ili bili zisiyumbe sana.

Texas ndiyo funzo kali. Mita janja zilikuwa zimeenea, na hesabu ilikuwa ya dakika 15. Kampuni moja, Griddy, ilitoza karibu dola 10 kwa mwezi na kuwapitishia wateja wake bei ya soko kama ilivyo. Siku za kawaida walifurahi. Februari 2021 baridi kali ikagandisha mabomba ya gesi na mitambo, watu zaidi ya 200 wakafa, na bei ya soko ikawekwa kwenye kikomo cha dola 9,000 kwa uniti 1,000, ikakaa huko kwa siku kadhaa. Hiyo ni dola 9 kwa uniti moja, mahali ambapo nyumba zilizoea kulipa senti kama 12. Watu wa kawaida walipata bili za maelfu ya dola kwa sababu ya kupasha nyumba moto wasigande. Griddy ikafilisika mwezi uliofuata, na bunge la Texas likapiga marufuku mikataba ya namna hiyo kwa nyumba za watu. Tofauti na mkataba wa jamaa yangu, ule haukuwa na dari.

Kuna na jambo la siri za nyumba. Mita inayoandika kila robo saa inajua mnapoamka na mnapolala, na kama nyumba iko tupu wiki nzima. Mwezi wa Ramadhani ingejua nani ameamka kula daku. Uholanzi mwaka 2009 seneti ilikataa kuzifanya mita hizi kuwa za lazima kwa hoja hiyo hiyo. Isitoshe, mita hizi huweza kuamrishwa kutoka mbali. Uingereza kulikuwa na nyumba zilizogeuzwa kuwa za kulipia kabla bila fundi kubisha hodi, mpaka Februari 2023 mdhibiti alipoingilia kati na kuzitaka kampuni zisite kuwalazimisha watu.

Turudi kwetu. Kenya haina soko la robo saa. Kenya Power hununua umeme kwa mikataba ya miaka mingi, EPRA huidhinisha bei, na kinachopanda na kushuka kila mwezi ni nyongeza za mafuta na fedha za kigeni. Bei ya nyumbani hupangwa kwa wingi, si kwa saa: tangu Aprili 2023 daraja la chini kabisa ni la wasiozidi uniti 30 kwa mwezi, baada ya kuwa 100. Mita zetu za tokeni nazo si janja. Mwaka 2024 tuliambiwa tuingize tarakimu za ziada kabla ya 24 Novemba, kwa sababu kila tokeni hubeba hesabu ya dakika tangu 1993 na hesabu hiyo ilikuwa inajaa. Tarakimu tulizibonyeza wenyewe kwa vidole. Mita ya kweli janja ingejirekebisha usiku tumelala.

Hata hivyo umeme wa saa za rahisi tunao. Usiku matumizi yanaposhuka, mvuke wa Olkaria umewahi kuachwa uende hewani kwa kukosa mnunuzi. Viwanda na biashara kubwa walipewa punguzo la usiku tangu Desemba 2017, na wanaochaji magari ya umeme wakapewa nusu bei usiku mwaka 2023. Nyumba hazikuguswa, kwani mita zetu haziwezi kuonyesha saa.

Na sisi pwani tuna vya kuahirisha, hata bila gari. Pampu ya kisima inayojaza tangi la juu ya dari yaweza kufanya kazi saa tisa usiku. Mama anayeuza barafu anaweza kugandisha usiku na kuizima friza jioni. Kwa nyumba kama hizo bei mbili tu zinazojulikana, ya usiku na ya mchana, zingetosha, wala hazihitaji mtu kuangalia simu kila robo saa.

Siku fundi akija na mita mpya, kabla hajatoa bisibisi muulize: bei yangu itabadilika au ni mita tu? Nikikataa bei ya saa, nitabaki na ya zamani? Dari iko wapi? Nani atasoma matumizi yangu, na anaweza kunikatia bila kuja hapa? Muombe majibu kwa maandishi.