Walinzi wa Mayai ya Kasa: Habari za Kazi ya Kujitolea Mkokoni



Katika vitabu vya mwaka kama hiki, mahali pa kwanza hushikwa na hesabu ya fedha, na mahali pa pili na majina ya waliotutangulia mbele ya haki. Mara hii tumeomba kurasa chache ili tuandike habari za kazi isiyoingia katika hesabu ya fedha, nayo ni kazi ya watu wa Mkokoni na jirani zao waliojitolea kulinda viota vya kasa. Sababu ya kuandika ni moja. Walioianza kazi hiyo wamekwisha kuwa watu wazima sana, na karatasi zilizochapishwa juu yake zahesabu viota na mayai kwa uangalifu mkubwa, bali watu waliokesha mchangani aghalabu hutajwa kwa neno moja tu, "jamii".

Asiyefika huko na apajue kwanza mahali penyewe. Mkokoni ni kijiji cha Wabajuni kilichoko bara, kaskazini-mashariki ya mji wa Lamu, kikielekeana na kisiwa cha Kiwayu. Jina lake lajieleza lenyewe kwa kila aujuaye mti wa mkoko. Kati ya kijiji na kisiwa pana mkono wa bahari wenye maji matulivu, na nje ya Kiwayu ni bahari kuu. Nyuma yake ni nchi ya msitu na nyika ya Dodori na Boni, wakaako Waaweer, ambao wengi wamezoea kuwaita Waboni. Ukizidi kwenda mbele wafika Kiunga, na baada ya Kiunga ni mpaka wa Somalia. Njia ya nchi kavu ni ya taabu, na wakati wa mvua ni taabu juu ya taabu. Kwa hiyo mtu wa huko huhesabu safari yake kwa pepo za kusi na kaskazi na kwa maji kupwa na kujaa.

Wako wasemao kwamba kazi ya kujitolea ililetwa katika pwani hii na mashirika ya wageni. Hayo hatuyakubali. Mzee yeyote wa mwambao ajua kazi ya kushua chombo. Fundi akimaliza mashua au jahazi mchangani, mwenyewe hawezi kukisukuma peke yake mpaka majini, wala haikuwa desturi kuajiri watu kwa kazi hiyo. Aliita wenziwe, nao wakaja, wakakiimbia chombo na kukisukuma mpaka kikaelea, kisha wakala chakula kilichopikwa, wakarudi makwao. Ndivyo ilivyokuwa katika kuezeka nyumba makuti, kuchimba kisima, kutengeneza msikiti na kuzika. Asiyekuja hakutozwa faini, lakini siku yake ya kushua ilipofika aliijua thamani ya mabega ya wenzake.

Tena yafaa kusema kweli kwamba kasa hakuwa mgeni wa kulindwa katika bahari hii, alikuwa windo. Kitabu cha safari za baharini kiitwacho Periplus, kilichoandikwa kwa Kiyunani katika karne ya kwanza baada ya Nabii Isa, chataja magamba ya kasa miongoni mwa bidhaa zilizotoka pwani ya Afrika Mashariki. Gamba lililotafutwa sana ni la ng'amba, lililofanywa vitana na mapambo katika nchi za ng'ambo. Kasa mwingine aliliwa nyama, na mafuta yake yakahesabiwa dawa. Wabajuni walikuwa mabingwa wa kumwinda kwa kutumia taza, samaki mwenye kinyonyeo kichwani. Mvuvi alimfunga taza ugwe mkiani, akamwachia majini karibu na kasa. Taza akaenda kujibandika gambani, na mvuvi akavuta ugwe taratibu. Twalitaja jambo hili makusudi. Watu waliokuja kuwa walinzi ni wana na wajukuu wa wawindaji hao, na elimu waliyoingia nayo kazini haikutoka darasani: kujua kasa apenda mchanga upi, apanda usiku upi, na akishtushwa hufanya nini.

Kabla ya habari ya ulinzi wenyewe kuna msiba ambao hatuwezi kuuruka. Katika vita vya shifta, kati ya mwaka 1963 na 1967, vijiji vingi vya Wabajuni vilivyoko bara kuelekea mpaka vilihamwa. Watu walikimbilia Ndau, Pate, Lamu, Malindi na Mombasa, wakaacha mashamba, visima na makaburi ya wazee wao. Wengine walirudi baada ya miaka mingi, na wengine hawakurudi kabisa. Nao mwaka 1976 zikatangazwa hifadhi za Dodori na Boni, na mwaka 1979 hifadhi ya bahari ya Kiunga, yenye ukubwa wa kilometa za mraba zipatazo 250, ambayo Mkokoni imo ndani ya eneo lake. Mipaka hiyo ilichorwa wakati ambapo baadhi ya wenyeji walikuwa bado ugenini, hawapo kusema neno. Msomaji na aliweke moyoni jambo hili, maana watu walioombwa baadaye kuilinda bahari hiyo bila mshahara ndio hao hao ambao madai yao ya ardhi yalikuwa hayajasikizwa.

Mwaka 1993 iliundwa Kamati ya Kuhifadhi Kasa ya Kenya, ijulikanayo kwa herufi KESCOM, nayo ikahimiza vikundi vya wenyeji katika pwani nzima. Mwaka 1996 shirika la WWF likaanza mradi katika hifadhi ya Kiunga likishirikiana na idara ya serikali ya wanyama pori, KWS. Mpango wa kuhesabu na kulinda viota ulishika njia tangu mwaka 1997. Mashirika yalileta daftari, vipimo na vipande vya chuma vyenye nambari vya kutiwa kasa kwenye kikono. Macho na miguu ilitoka vijijini.

Kazi yenyewe ni hii. Kasa jike hupanda pwani usiku, aghalabu maji yakijaa, akachimba shimo kwa vikono vya nyuma, akataga mayai yapatayo mia moja au zaidi, akalifukia na kurudi baharini kabla ya kucha. Hutaga karibu mwaka mzima, lakini katika pwani ya Kenya wingi wao huwa kati ya Machi na Julai. Mlinzi hutembea ufuoni alfajiri, kabla upepo na maji hayajafuta alama, akaisoma njia ya mnyama kama mtu asomavyo barua. Njia ya kwenda na ya kurudi zisipolingana, hapo huenda pana kiota. Zikilingana na mchanga haukuvurugwa, basi kasa alishtuka, pengine kwa taa au sauti ya mtu, akarudi na mzigo wake. Ajuaye kutofautisha mambo hayo mawili huokoa asubuhi nzima ya kuchimba bure.

Kiota kikiwa juu ya mstari wa maji makuu, huachwa mahali pake, kikatiwa alama na tarehe yake ikaandikwa. Kikiwa chini, bamvua la kwanza litakiua, na hapo hapana budi mayai yahamishwe. Hii ndiyo kazi ya mikono mipole kupita zote. Mayai hutolewa moja moja katika muda wa saa chache tu tangu kutagwa, wala hayageuzwi juu chini, kwani mtoto aliyemo huanza mapema kujishika upande wa juu wa yai, na akigeuzwa hufa. Hutiwa katika shimo jingine lenye kina kile kile na umbo lile lile, na mchanga hurudishwa kama ulivyokuwa. Kisha mlinzi husubiri siku zipatazo 55 au 60, akipita kila siku kuwafukuza kaa, wanyama wa mwituni na binadamu mwenye tamaa. Hata joto la mchanga lina hukumu yake: wataalamu wasema kwamba kiota chenye joto la kupita nyuzi 29 hivi za Selsiasi hutoa majike zaidi, na kilicho baridi kuliko hapo hutoa madume zaidi.

Wanapototoka, vitoto hukimbilia baharini wakiongozwa na mwangaza wa maji. Yasemwa ya kuwa katika elfu moja huenda mmoja tu akafikia utu uzima. Mtu aweza kuuliza, basi faida i wapi ya kukesha? Jawabu ni kwamba mmoja huyo hapatikani pasipo wale elfu.

Liko suala la malipo, ambalo limezungumzwa barazani mara nyingi, na kila upande una haki yake. Huko Watamu, kusini ya Malindi, mvuvi aliyenasa kasa katika wavu akamtoa salama hupewa fedha kidogo kufidia muda wake na wavu uliochanika. Wazee wengine husema kwamba shilingi ikiingia, kujitolea kumetoka. Rai yetu ni tofauti. Mtu aliyeacha kwenda kuvua ili alinde kiota amekwisha kutoa. Kumrudishia sehemu ya hasara yake si kumnunua. Kinachoharibu ni malipo yanayokuja kwa mwaka mmoja wa mradi na kukatika mwaka wa pili bila maelezo, kwa kuwa hapo mlinzi hujiona kibarua aliyefukuzwa, ilhali alipoanza hakuwa kibarua wa mtu.

Wanawake nao wana sura yao katika habari hizi. Mikondo ya Bahari ya Hindi hutupa katika fuo za Kiwayu na Mkokoni takataka za nchi za mbali, na kubwa katika hizo ni patipati, ambazo wengine huziita kandambili. Rundo la patipati ni ukuta kwa kitoto cha kasa kisichopita urefu wa kidole. Mwishoni mwa miaka ya 1990, mtaalamu wa bahari Julie Church, aliyekuwa akifanya kazi katika hifadhi ya Kiunga, aliwaona watoto wakichonga vichezeo kwa patipati hizo. Wanawake wa vijiji vya huko wakaanza kuziokota, kuziosha na kuzikata ziwe vitu vya kuuzwa. Kazi ile ilikua, ikahamia Nairobi, ikajulikana ng'ambo kwa jina la Ocean Sole. Twafurahi kwamba ilikua. Hata hivyo yafaa ikumbukwe kwamba akili ya kwanza ilikuwa ya watoto waliokosa vichezeo vya dukani. Tarehe 15 Septemba 2018 Lamu ilishua chombo cha ajabu, kiitwacho Flipflopi, kilichoundwa kwa plastiki iliyookotwa chini ya uongozi wa fundi Ali Skanda na kuvikwa patipati za rangi kwa maelfu. Mapema mwaka 2019 kilisafiri mpaka Unguja.

Pigo la pili lilikuja mwezi Septemba 2011, watu wenye silaha waliposhambulia hoteli iliyokuwa jirani na Mkokoni, wakamuua mgeni mmoja wa Kiingereza na kumteka mkewe. Wageni waliacha kuja, na pamoja nao zikaenda kazi za mabaharia, wapishi na wauza samaki. Mwaka 2015 serikali ilianzisha operesheni ya Linda Boni, na kwa miaka kadhaa kuvua usiku kulipigwa marufuku katika bahari ya Lamu. Mwenye kukaa mjini hawezi kupima uzito wa amri hiyo. Kwa mvuvi wa kamba koche na wa jarife, usiku ndio shamba lake. Kwa mlinzi wa kasa, usiku ndio saa ya kazi; na mtu anayetembea pwani gizani akiwa na tochi alikuwa wa kuogopwa na pande zote mbili. Kwamba viota vililindwa katika pwani hii hata baada ya hayo ni jambo ambalo sisi twaliona kubwa kuliko hesabu yoyote ya mayai.

Katika miaka hiyo hiyo msaada ulitoka pia ndani ya Lamu yenyewe. Tangu mwaka 2015 Bi. Umra Omar na wenzake wa Safari Doctors wamekuwa wakisafiri kwa vyombo vya baharini kupeleka matibabu katika vijiji vya mbali vya Lamu, ambako zahanati zilikuwa zimekosa watumishi. Twalitaja kwa ufupi tu, kwani lastahili makala yake peke yake.

Sasa twawaomba wazee wa Mkokoni, Kiwayu, Rubu na Kiunga waketi na katibu wa chama wamtajie, kwa ridhaa ya wenyewe, nani alitembea pwani ipi na katika miaka ipi. Muda si mwingi. Kasa huchelewa kukua. Wa jamii ile iliwayo nyama huhitaji miaka 25, 30 au zaidi kabla ya kutaga, na jike akikomaa hurudi kutaga katika upande wa pwani alikozaliwa. Kwa hesabu hiyo kitoto kilichovuka mchanga wa Mkokoni mwaka 1997, kama ni jike na kama yu hai, ndio kwanza anafikia umri wa kupanda pwani ile ile usiku kuchimba shimo lake la kwanza.