Haki jinai nchini Tanzania

Haki jinai nchini Tanzania ni mfumo wa sheria, taasisi na taratibu zinazotumika kuzuia uhalifu, kukamata na kushtaki watuhumiwa, kuamua kesi zao na kusimamia adhabu. Unahusisha Jeshi la Polisi na vyombo vingine vya uchunguzi, Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, Mahakama na Jeshi la Magereza. Mfumo huu unafungamana na haki ya kijamii, kwa sababu sheria ileile humwangukia kwa uzito tofauti mtu mwenye wakili na hati ya nyumba, na mtu asiye na kimojawapo.

Makala hii inahusu hasa Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake za adhabu na za mwenendo wa jinai, Mkurugenzi wake wa Mashtaka na Mahakama Kuu yake. Magereza yake huitwa Vyuo vya Mafunzo.

Historia

Wakati wa ukoloni wa Waingereza ilitumika kwanza Kanuni ya Adhabu ya Uhindi, hadi Tanganyika ilipopata kanuni yake mwaka 1930. Kanuni hiyo, iliyofanyiwa marekebisho mengi, ndiyo inayoendelea kutumika kama Sura ya 16 ya sheria za nchi. Waafrika wengi walihukumiwa katika mahakama za wenyeji zilizokuwa chini ya utawala wa eneo, huku Wazungu wakipelekwa kwenye mahakama za mahakimu na majaji. Mgawanyo huo uliondolewa na Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963, iliyoweka mahakama za mwanzo, za wilaya na za hakimu mkazi katika mfumo mmoja.

Uhuru haukuondoa ukali wote. Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ya mwaka 1962 ilimpa Rais uwezo wa kumfunga mtu bila kesi, na Sheria ya Adhabu za Chini ya mwaka 1963 iliongeza viboko juu ya kifungo kwa baadhi ya makosa. Hati ya haki za binadamu iliingizwa katika Katiba mwaka 1984, na wananchi wakaweza kuidai mahakamani kuanzia mwaka 1988. Tume ya Jaji Francis Nyalali, inayokumbukwa zaidi kwa suala la vyama vingi, ilitaja pia sheria 40 zilizohitaji kufutwa au kurekebishwa kwa kuwa kandamizi.

Safari ya kesi

Kesi huanza kwa malalamiko au kwa ukamataji. Chini ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai (Sura ya 20), mtu aliyekamatwa bila hati anapaswa kuachiwa kwa dhamana ya polisi au kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, ama mapema iwezekanavyo. Polisi si peke yao wenye uwezo wa kukamata: TAKUKURU wanao kwa makosa ya rushwa, na sheria ya tawala za mikoa ya mwaka 1997 inawaruhusu wakuu wa mikoa na wa wilaya kuamuru mtu awekwe ndani hadi saa 48 pale anapohatarisha amani. Uwezo huu wa mwisho umelalamikiwa sana, kwa kuwa mara kadhaa umetumika dhidi ya watumishi wa umma, waandishi wa habari na wanavijiji waliohitilafiana na kiongozi.

Uamuzi wa kushtaki ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka, ambaye pia anaweza kuondoa kesi wakati wowote kabla ya hukumu. Kuondolewa kwa njia hiyo si sawa na kushinda kesi. Mshtakiwa anaweza kutoka mlango wa mahakama akakamatwa tena kwa shtaka lilelile, na jambo hilo limetokea mara nyingi kiasi kwamba ndugu wanaosubiri nje huwa hawaanzi kushangilia mapema.

Mashtaka madogo huamuliwa na mahakama za mwanzo, ambako Kiswahili kimetumika tangu zamani na mawakili hawakuruhusiwa kwa miaka mingi. Makosa mazito zaidi huenda mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi. Mauaji na uhaini husikilizwa na Mahakama Kuu, na rufaa ya mwisho ni Mahakama ya Rufani, iliyoanzishwa mwaka 1979.

Kesi ya mauaji hupita njia ndefu zaidi. Hufunguliwa mbele ya hakimu asiye na mamlaka ya kuisikiliza. Mshtakiwa husomewa shtaka na kuambiwa asijibu kitu. Kisha hurudishwa mahabusu na kuletwa tena kila baada ya siku chache, asikie kwamba upelelezi haujakamilika. Maneno hayo yanajulikana kwa kila Mtanzania aliyewahi kukaa kwenye benchi la mahakama. Upelelezi ukikamilika, maelezo ya mashahidi husomwa, shauri huhamishiwa Mahakama Kuu, na hapo husubiriwa kikao.

Marekebisho ya mwaka 2022 yalizuia kufungua kesi kabla upelelezi haujakamilika, isipokuwa kwa makosa makubwa. Makosa hayo yaliyoachwa kwa sehemu kubwa ndiyo yaleyale yasiyo na dhamana, kwa hiyo waliokuwa wakiumia zaidi na ucheleweshaji hawakuguswa sana na nafuu hiyo.

Dhamana

Katiba, ibara ya 13, inakataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla ya kuthibitika kuwa na hatia. Hata hivyo kifungu cha 148(5) cha Sura ya 20 kinazuia dhamana kabisa kwa makosa kama mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, ugaidi na utakatishaji fedha. Hakimu haangalii kama mtu huyu ana familia, kazi au ugonjwa. Jina la kosa kwenye hati ya mashtaka linatosha. Mwezi Mei 2020 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba, lakini Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ilitengua uamuzi huo.

Kwa kuwa utakatishaji fedha hauna dhamana, kuuongeza kwenye shtaka la kukwepa kodi au la wizi kunabadilisha kila kitu. Mwezi Septemba 2019 Rais John Magufuli aliwapa washtakiwa wa uhujumu uchumi siku 7 za kukiri na kurudisha fedha, na mwaka huohuo makubaliano ya kukiri kosa yaliingizwa rasmi katika sheria. Makubaliano hayo hupunguza mlundikano wa kesi. Lakini mtu aliyekaa mahabusu bila tumaini la dhamana hajadiliani akiwa huru, na baadhi ya waliolipa walidai baadaye kuwa walikiri ili watoke tu.

Hata kosa linapodhaminika, masharti huchuja watu. Mahakama huhitaji wadhamini wenye vitambulisho na barua za serikali ya mtaa, wakati mwingine na hati ya mali isiyohamishika. Mpangaji wa Manzese au mchuuzi aliyehamia mjini juzi anaweza kubaki ndani kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini ndogo.

Umaskini kama kosa

Kanuni ya Adhabu, vifungu vya 176 na 177, imekuwa ikiwalenga wazururaji na ombaomba. Mwaka 1983 ilitungwa pia Sheria ya Nguvu Kazi, ambayo chini yake watu wasio na kazi waliokamatwa mijini walirudishwa vijijini. Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji hazipatani na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, kwa kuwa zinamwadhibu mtu kwa hali yake badala ya kitendo chake.

Mahakama hiyohiyo iliamua mwaka 2019 kwamba adhabu ya lazima ya kifo kwa mauaji inakiuka haki ya kuishi. Hakuna aliyenyongwa Tanzania tangu mwaka 1994, ingawa hukumu za kunyongwa zimeendelea kutolewa. Mwezi Novemba 2019 serikali ilitangaza kuondoa ruhusa ya watu binafsi na asasi kupeleka mashauri yao moja kwa moja katika mahakama hiyo.

Msaada wa kisheria na lugha

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria, ambao wengi si mawakili, na kuwaruhusu kuwahudumia wasio na uwezo. Suala la lugha ni zito vilevile. Mfungwa anayetaka kukata rufaa Mahakama Kuu ana siku 10 za kutoa taarifa ya kusudio na siku 45 za kuwasilisha sababu, naye hufanya hivyo kupitia ofisa wa gereza. Kwa miongo mingi hukumu aliyopaswa kuipinga iliandikwa kwa Kiingereza. Marekebisho ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, yakiacha nafasi ya Kiingereza pale haki inapokihitaji.

Tume ya mwaka 2023

Tarehe 31 Januari 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua tume ya kuangalia jinsi ya kuboresha taasisi za haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Tume ilikabidhi ripoti yake Julai mwaka huohuo. Miongoni mwa mapendekezo yake ni kuundwa kwa chombo cha taifa cha upelelezi kinachojitegemea, nje ya Jeshi la Polisi.