Dawa za kusisimua misuli katika riadha ya Kenya

Matumizi ya dawa za kusisimua misuli katika riadha ya Kenya ni suala la baadhi ya wanariadha wa nchi hiyo, hasa wakimbiaji wa masafa marefu, kutumia dawa zilizopigwa marufuku ili kuongeza uwezo wao wa kushindana. Kenya ni miongoni mwa mataifa yenye mafanikio makubwa zaidi duniani katika mbio hizo. Hata hivyo, tangu miaka ya 2010 imekuwa pia miongoni mwa nchi zenye idadi kubwa ya wanariadha waliofungiwa. Kati ya mwaka 2004 na Agosti 2018 pekee, wanariadha 138 wa Kenya walipatikana na dawa zilizokatazwa. Baadhi ya waliofungiwa walikuwa mabingwa wa Olimpiki, washindi wa marathoni kubwa na washikilizi wa rekodi za dunia.

Istilahi

Vyombo vya habari vya Kiswahili hutumia majina kadhaa: dawa za kusisimua misuli, dawa za kututumua misuli, au kwa kifupi pufya. Majina hayo yamezoeleka, lakini hayaelezi kila kitu kinachokatazwa. Dawa inayotajwa mara nyingi zaidi katika mbio ndefu, EPO, haigusi misuli moja kwa moja bali huathiri damu. Dawa nyingine hazimwongezei mkimbiaji nguvu yoyote, ila husaidia kuficha zile nyingine. Orodha rasmi ya vitu vilivyokatazwa hutolewa kila mwaka na Shirika la Kupambana na Dawa za Kusisimua Misuli Duniani, linalojulikana kwa kifupi kama WADA.

Historia

Moja ya kesi za mwanzo zilizotikisa Kenya ilimhusu John Ngugi, bingwa wa Olimpiki wa mita 5,000 mwaka 1988 na bingwa wa dunia wa mbio za nyika mara tano. Mwaka 1993 alikataa kutoa sampuli kwa mpimaji aliyemfikia nyumbani bila taarifa, naye akafungiwa miaka minne. Baadaye adhabu hiyo ilipunguzwa. Ngugi hakukutwa na dawa yoyote. Kosa lake lilikuwa kukataa kupimwa, wakati ambapo upimaji wa aina hiyo ulikuwa jambo geni kwa wanariadha wengi wa Kenya.

Kwa miaka mingi baada ya hapo, watu wengi ndani na nje ya nchi waliamini kwamba mafanikio ya Wakenya yalitokana na nyanda za juu, mazoezi makali na maisha ya kawaida ya vijijini tu. Mwaka 2012 imani hiyo ilianza kutetereka. Mathew Kisorio, mkimbiaji wa nusu marathoni, alipatikana na chembechembe za steroidi, kisha akaieleza hadharani televisheni ya Ujerumani kwamba wanariadha walikuwa wakipewa dawa na madaktari.

Pigo kubwa zaidi lilikuja mwaka 2014, wakati Rita Jeptoo, mshindi wa Boston Marathon mara tatu, alipopatikana na EPO. Alifungiwa miaka miwili nchini Kenya. Mwaka 2016 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo iliongeza adhabu hiyo hadi miaka minne na kumvua ushindi wake wa Boston wa mwaka 2014.

Novemba 2015 kundi la wanariadha lilivamia makao makuu ya chama cha riadha cha Kenya jijini Nairobi na kufunga milango, likidai viongozi waondoke. Miongoni mwa malalamiko yao ni jinsi chama kilivyoshughulikia suala la dawa. Mei 2016 WADA ilitangaza kwamba Kenya haikidhi masharti ya kimataifa. Baada ya sheria kurekebishwa, nchi iliondolewa katika orodha hiyo Agosti 2016, muda mfupi kabla ya Michezo ya Olimpiki ya Rio de Janeiro.

Dawa zinazotumika

EPO, yaani erithropoietini, ni homoni inayotengenezwa na figo. Kazi yake ni kuuchochea uboho wa mifupa kutengeneza seli nyekundu za damu, ambazo hubeba oksijeni. EPO ya viwandani hutumika hospitalini kwa wagonjwa wa figo wenye upungufu wa damu. Mkimbiaji akiitumia, damu yake hubeba oksijeni zaidi, hivyo misuli huchelewa kuchoka. Lakini damu huwa nzito, na hatari ya damu kuganda, kupata kiharusi au mshtuko wa moyo huongezeka.

Nandroloni ni steroidi inayosaidia misuli kukua na kupona haraka baada ya mazoezi. Katika utafiti wa WADA wa mwaka 2018, ndiyo iliyoongoza kwa kupatikana katika sampuli za Wakenya. Nyingine ni triamsinoloni, dawa ya kutuliza uvimbe na maumivu ambayo ikitumiwa vibaya huweza kumpunguza mwanariadha uzito. Trimetazidini ni dawa ya wagonjwa wa moyo. Hidroklorothiazidi ni dawa ya shinikizo la damu inayoongeza mkojo; imekatazwa kwa sababu hupunguza maji mwilini na huweza kuficha dalili za dawa nyingine.

Utafiti huo wa WADA ulihitimisha kwamba nchini Kenya hakukuwa na mpango mmoja ulioratibiwa kama ule uliogunduliwa Urusi. Matumizi yalikuwa ya kubahatisha, kila mtu kivyake, na mara nyingi yalipitia kwa watoa huduma za afya wa mitaani.

Mashinikizo yanayosababisha

Mapato ya mkimbiaji wa marathoni hayafanani na mshahara. Mkimbiaji hulipwa anaposhinda au anapoalikwa kushiriki, na mara nyingi mbio mbili tu kwa mwaka ndizo zinazobeba mapato yake yote. Mshindi wa Boston mwaka 2014 alistahili dola 150,000 za Marekani. Wa pili, 75,000. Aliye nje ya nafasi za zawadi anaweza kurudi nyumbani na deni. Jeraha moja dogo la kisigino au goti linaweza kufuta kazi ya mwaka mzima.

Ushindani wa ndani nao ni mkali. Katika kaunti za Bonde la Ufa kama Uasin Gishu, Elgeyo-Marakwet na Nandi, maelfu ya vijana hufanya mazoezi wakitumaini kuonekana na mawakala wa kigeni. Mji wa Iten, ulioko takribani mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, umejaa kambi za mazoezi. Wengi wao hawajawahi kulipwa chochote kwa kukimbia. Katika marathoni ya Olimpiki kila nchi hupeleka wakimbiaji watatu tu wa kila jinsia, na waandaaji wa mbio kubwa hualika wachache. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa miongoni mwa wakimbiaji bora duniani na bado asiwe na nafasi katika timu ya nchi yake.

Mzigo wa familia huongeza shinikizo. Mwanariadha anayefanikiwa hutarajiwa kulipa karo ya wadogo zake, kununua shamba, kujengea wazazi na kuchangia harambee za jamaa na majirani. Wachache walioajiriwa na polisi, jeshi au magereza wana mshahara wa kutegemea. Wengine wana miguu yao tu. Muda nao ni mfupi, kwani wengi hufikia kilele chao kwa miaka michache tu.

Urahisi wa kupata dawa ni sababu nyingine. Dawa zinazohitaji cheti cha daktari mara nyingi huuzwa madukani bila cheti. Wapo wanariadha waliochomwa sindano bila kuuliza ni ya nini, na wapo waliojua vizuri na kutumia kisingizio cha kutojua. Kanuni haiwatofautishi katika hatua ya kwanza: mwanariadha anawajibika kwa chochote kinachopatikana mwilini mwake. Nia yake huzingatiwa baadaye, wakati wa kupanga adhabu.

Hata hivyo, umaskini hautoshi kueleza tatizo hili. Liliya Shobukhova wa Urusi, aliyeshinda Chicago Marathon mara tatu mfululizo kuanzia mwaka 2009, alifungiwa kutokana na kasoro katika damu yake, na ikafichuka kwamba alikuwa amelipa maelfu ya euro ili kesi yake ifichwe. Nchini Kenya pia wapo waliofungiwa wakiwa tayari matajiri. Kwao shinikizo lilikuwa kubaki kileleni, kulinda mikataba na kampuni za viatu na kutopitwa na vijana.

Upimaji

Kipimo cha EPO kilitumika kwa mara ya kwanza katika Olimpiki ya Sydney mwaka 2000. EPO hupotea mwilini baada ya muda mfupi, kwa hiyo kupima siku ya mashindano pekee hakutoshi. Mwaka 2009 riadha ilianza kutumia pasipoti ya kibiolojia, ambayo ni kumbukumbu ya vipimo vya damu vya mwanariadha kwa miaka mingi. Mabadiliko yasiyo ya kawaida katika hemoglobini au seli changa za damu huweza kuthibitisha udanganyifu hata kama dawa yenyewe haikupatikana.

Sampuli za damu kwa ajili ya pasipoti hiyo zinapaswa kufika maabara haraka. Kwa miaka mingi jambo hilo lilikuwa kikwazo Afrika Mashariki, kwa sababu hapakuwa na maabara iliyoidhinishwa. Mwaka 2018 maabara moja ya Nairobi ilianza kazi hiyo.

Wanariadha wa ngazi ya juu hutakiwa kueleza kila siku watapatikana wapi kwa saa moja maalumu. Kukosekana au kutotoa taarifa sahihi mara tatu ndani ya miezi 12 ni kosa. Tangu mwaka 2017 kesi za kimataifa husimamiwa na Kitengo cha Uadilifu wa Riadha, AIU.

Kesi maarufu

Jemima Sumgong alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kenya kushinda dhahabu ya marathoni ya Olimpiki, mwaka 2016. Mwaka uliofuata alipatikana na EPO na kufungiwa miaka minne. Adhabu ilifikishwa miaka minane baada ya kuthibitika kwamba alitoa ushahidi wa uongo.

Asbel Kiprop, bingwa wa dunia wa mita 1,500 mara tatu, alifungiwa miaka minne kwa EPO iliyopatikana katika sampuli ya Novemba 2017. Yeye alikana kosa hilo.

Abraham Kiptum, aliyeweka rekodi ya dunia ya nusu marathoni mwaka 2018, alifungiwa kutokana na pasipoti ya kibiolojia. Asichanganywe na Kelvin Kiptum, aliyeweka rekodi ya marathoni mwaka 2023.

Wilson Kipsang, aliyewahi kushikilia rekodi ya dunia ya marathoni, alifungiwa miaka minne mwaka 2020 kwa kukosekana kupimwa. Alieleza kwamba lori lililopinduka lilimzuia njiani, lakini picha aliyoileta ilikuwa ya ajali iliyotokea miezi kadhaa baadaye.

Rhonex Kipruto alifungiwa miaka sita mwaka 2024. Alipoteza rekodi yake ya dunia ya kilomita 10 barabarani na medali ya shaba ya mwaka 2019.

Ruth Chepng'etich, mwanamke wa kwanza kukimbia marathoni chini ya saa 2 na dakika 10, alipatikana na hidroklorothiazidi katika sampuli ya Machi 2025. Alisema alimeza dawa ya msaidizi wake wa nyumbani bila kuihakiki. Oktoba 2025 alifungiwa miaka mitatu. Adhabu ya miaka minne ilipunguzwa kwa mwaka mmoja kwa kuwa alikiri mapema. Rekodi yake ya saa 2:09:56, aliyoiweka Chicago Oktoba 2024, haikufutwa, kwa sababu ilitangulia sampuli hiyo.

Hatua za serikali

Sheria ya mwaka 2016 iliweka msingi wa kisheria wa shirika la taifa la kupambana na dawa hizo, ADAK, ambalo hupima na kutoa elimu kwa wanariadha. Mwishoni mwa mwaka 2022, kutokana na wingi wa kesi, ilihofiwa kwamba Shirikisho la Riadha Duniani lingeifungia Kenya nzima. Serikali iliahidi kutoa dola milioni 5 kila mwaka kwa miaka mitano, na nchi haikufungiwa. Tangu hapo upimaji umeongezeka, na sehemu ya ongezeko la kesi inaelezwa kwamba inatokana na kuwepo kwa wapimaji wengi zaidi.

Athari kwa wanariadha wengine

Anayeshindwa na mdanganyifu hupoteza zawadi, mialiko na mikataba. Buzunesh Deba wa Ethiopia alimaliza wa pili nyuma ya Jeptoo huko Boston mwaka 2014 kwa saa 2:19:59. Jeptoo alipovuliwa ushindi, Deba alitambuliwa kuwa bingwa mwenye rekodi ya mbio hizo, jambo lililomstahilisha dola 100,000 zaidi: tofauti ya zawadi na bonasi ya rekodi. Kwa miaka mingi hakulipwa, kwa maelezo kwamba Jeptoo hakuwa amerudisha fedha. Mwaka 2024 mtu binafsi aliyesoma habari zake alimtumia dola 75,000 kutoka mfukoni mwake. Baadaye waandaaji walitangaza mpango wa kuwalipa wanariadha walionyimwa haki kwa njia hiyo.

Kwa Wakenya wasiotumia dawa, hasara nyingine ni shaka. Kila ushindi mkubwa sasa hufuatwa na maswali, na wakimbiaji wa nchi zilizo katika kundi la hatari zaidi, ikiwemo Kenya, hulazimika kupimwa angalau mara tatu nje ya mashindano kabla ya kuruhusiwa kushiriki mashindano ya dunia au Olimpiki. Yule ambaye shirika la nchi yake halikumpima kwa wakati anaweza kuachwa nyumbani, hata kama hajawahi kugusa dawa yoyote.