Yai Lisiloweza Kujipikia

Mwaka 1967 watafiti watatu nchini Marekani, John Biggers, David Whittingham na Roger Donahue, waliyaondolea mayai ya panya seli zinazoyazunguka ndani ya ovari, kisha wakayaweka katika maji yenye glukosi. Sukari ilikuwapo, lakini mayai hayakukomaa. Walipoyapa piruvati, yaani kinachopatikana glukosi inapovunjwa, yalikomaa. Na yale yaliyoachiwa seli zake yalikomaa hata kwa glukosi. Kumbe yai halijipikii. Hupikiwa na majirani.

Nani basi huwaamuru majirani hao kukoleza moto? Jibu lilianza kutafutwa zamani. Mwaka 1896, mjini Vienna, daktari Emil Knauer alizipandikiza ovari za sungura mahali pengine mwilini, akaona mji wa mimba haukunyauka. Ovari, kwa hiyo, ilituma ujumbe wake kwa njia ya damu. Mwaka 1923, mjini St. Louis, Edgar Allen na Edward Doisy waliupata ujumbe huo katika majimaji ya vifuko vya mayai ya nguruwe: ndiyo homoni tunayoiita estrojeni. Na mwishoni mwa miaka ya 1920, Bernhard Zondek na Selmar Aschheim mjini Berlin walionyesha kwamba ovari nayo hupokea amri kutoka pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo.

Hadi hapo homoni ilionekana kuwa tarishi tu. Katika miaka ya 1960 vipimo vya ovari za panya vilidhihirisha jambo la ziada: LH, homoni ya pituitari inayoliamuru yai kupevuka, huifanya ovari ivute glukosi nyingi zaidi na kuivunja kwa kasi. Amri ya uzazi ni amri ya nishati vilevile.

Neno "tasa" hutamkwa upesi mno majumbani kwetu, na mara nyingi dhidi ya mwanamke. Lesley Brown wa Uingereza alikuwa na mirija iliyoziba, lakini ovari zake zilifanya kazi. Robert Edwards, Patrick Steptoe na Jean Purdy walipima mkojo wake, wakisubiri LH ipande yenyewe, ndipo wakalichukua yai moja. Binti yake, Louise, alizaliwa Oldham tarehe 25 Julai 1978. Piruvati ingali miongoni mwa viambato vya maji ya kulelea mayai maabara.