Guni, Usasa na Mapokeo: Umri Katika Istilahi za Ushairi

Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Walisema vilevile kwamba ujana ni moshi, ukienda haurudi. Kwa methali hizi mbili kila mtu amekwisha kupangiwa nafasi yake: mzee ni mlinzi, kijana ni mpita njia. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha jinsi dhana hizo zilivyoingia katika istilahi za ushairi wa Kiswahili, na hasara iliyotokana nazo.

Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alitoa diwani ya Kichomi, ambayo mashairi yake mengi hayakufuata vina wala mizani. Mgogoro uliozuka nchini Tanzania ulikuwa mkali. Waliotetea kanuni za kale walisema kwamba vina na mizani ndivyo uti wa mgongo wa ushairi wetu, na kwamba vijana wa Chuo Kikuu waliiga ushairi wa Kizungu kwa sababu wa kwao uliwashinda. Waliotetea mabadiliko walijibu kwamba kanuni hizo ni pingu, na kwamba wazee waling'ang'ania umbo wakasahau maana.

Silaha kubwa ya ugomvi huo ilikuwa neno guni. Katika elimu ya arudhi, guni ni shairi lenye dosari ya vina au mizani; yaani mtungaji alinuia kufuata kanuni, akakosea. Neno hilo likabandikwa mashairi ambayo watungaji wake hawakunuia kanuni hizo tangu mwanzo. Hivyo jina la kosa likafanywa jina la aina. Upande wa pili nao ulijitwalia jina la usasa, na kwa kufanya hivyo ukawahesabu wenzao kuwa watu waliopitwa na wakati.

Lakini tukitazama miaka ya kuzaliwa, hoja ya umri yaanguka. Sheikh Kaluta Amri Abedi, ambaye kitabu chake cha Sheria za Kutunga Mashairi kilitegemewa sana na watetezi wa vina na mizani, alizaliwa mwaka 1924, na kitabu kilitoka mwaka 1954. Alikuwa kijana wa miaka 30 hivi. Kezilahabi, aliyezaliwa mwaka 1944, alikuwa na umri uo huo alipotoa Kichomi. Naye Abdilatif Abdalla wa Mombasa, aliyezaliwa mwaka 1946, ni mdogo kwa Kezilahabi. Hata hivyo Sauti ya Dhiki, aliyoitunga akiwa kifungoni nchini Kenya na ikachapishwa mwaka 1973, imeshika vina na mizani. Ni nani basi mzee hapo, na ni nani kijana?

Hapa pana fundisho kwetu sisi tunaounda istilahi, kuzifasiri na kuzifundisha. Istilahi inayobeba umri huzeeka. "Shairi la kisasa" la mwaka 1974 limekwisha kutimiza nusu karne, na huenda limemzidi umri baba wa mwanafunzi anayelisoma. Istilahi inayobeba dharau nayo humfundisha mwanafunzi kudharau kabla hajasoma. Kwa hiyo twaona ni afadhali shairi liitwe kwa umbo lake: shairi la arudhi kwa lile lifuatalo vina na mizani, na shairi huru kwa lile lisilofungwa navyo. Guni libaki na maana yake ya asili, kwani mwalimu angali akilihitaji anaposahihisha shairi la arudhi lililopungua mizani.

Ama neno mapokeo, tusilifanye jina jingine la uzee. Limetokana na kupokea, na kupokea kwahitaji mikono miwili: wa anayetoa na wa anayepewa. Mwenye hazina asipopata wa kumpokea, hapana mapokeo. Tukilifahamu hivyo, hapana shaka kwamba penye wazee na vijana pamoja halitaharibika neno.